Kamba ya Mafundo Matatu

Ubwari, 23/4/2025

Gentille, mudogo yangu,

Usishituke kuona karatasi. Simu yangu iliingia maji siku Junior aliibeba ziwani kumulikia samaki, na mpaka leo inatoa mapovu tu. Kwa hiyo Ramazani, mwenye mutumbwi wa motere, njo posta yetu sasa: Alhamisi ya soko anakuja kwenu Baraka, Jumamosi anarudi huku Ubwari. Nimemupa mihogo yako ndani ya kifuko. Akisema panya ilikula, usimuamini.

Neno ni hili: batoto yangu hawasomi. Mwaka jana ziwa lilipanda likaingia mpaka ndani ya madarasa, hiyo unajua. Tukasomea chini ya turubai. Kiisha Noeli, mwalimu akaenda huko kwenu kuulizia mushahara, akabakia kabisa. Tangu ile siku batoto banashinda kurusha majiwe kwa maji. Nikaona hapana. Nimetoa mulango wa jikoni, nikaupaka makaa ya kusaga na maji ya majani ya matembele, ukawa ubao mweusi muzuri sana. Chaki yetu ni muhogo mukavu. Shida moja tu: Néhémie anakula chaki. Miaka ine yote ile, na njaa ya muntu muzima! Jana nimegeuka kumuonesha Vanessa herufi, nikarudi, somo imeisha kwa tumbo yake.

Vanessa wa mwaka wa kwanza na Junior wa mwaka wa tatu, hao nawaweza. Aline ananishinda. Iko mwaka wa sita, na mi niliachia wa tano. Hesabu yake nikiiangalia naona giza. Unisaidie, we ni mwalimu. Sitaki akose mutihani wa mwisho.

Najua utasema: Yaya, dada yangu mukubwa, una mimba ya miezi sita kupita, kuja Baraka ungojee hapa. Hapana. Bwana yangu Casimir iko Misisi kwa mashimo ya zahabu, tangu mwezi wa pili hakuna habari. Nikitoka mimi hapa, mama ya hii nyumba anabakia nani? Ni Aline. Na siku Aline atabeba mutoto mugongoni na sufuria mukononi, masomo imekwisha. Mama yetu alinifanya vile wakati alikuwa na mimba yako. Sikulaumu, we ulikuwa ndani ya tumbo, ungefanya nini? Lakini kwa mutoto yangu, sikubali.

Yaya yako,
Pulchérie


Baraka, 26/4

Yaya Pulchérie,

Mihogo ilifika nusu. Ramazani anasema panya.

Nimelia kidogo, kisha nimenunua madaftari. Yamo ndani ya kifurushi: matatu ya Aline, mawili ya Junior, moja la Vanessa, na la Néhémie la kuchorachora ili aache chaki. Tutafanya hivi. Kila Jumamosi ninatuma masomo ya juma zima. Kila Alhamisi unanirudishia kazi zao, nami ninasahihisha na bic nyekundu kama ninavyosahihisha za wanafunzi wangu wa hapa. Wako sitini na wanne darasani, kwa hiyo Aline ni wa sitini na tano, na sitamhurumia. Nimeshamwandikisha kwenye orodha ya shule yetu. Mtihani unaanza Jumatatu, tarehe 7 mwezi wa saba.

Aline, hii ni yako. Kila juma utatunga probleme moja ya hesabu wewe mwenyewe. Sitaki zile za treni mbili zinazokutana, maana treni hujaiona. Nataka data za kweli, za nyumbani kwenu, vitu ulivyopima au ulivyohesabu kwa mikono yako. Mwanafunzi anayepima mwenyewe hasahau.

Yaya, mwezi wa sita njoo. Nakuomba. Umezaa mara nne kwa mikono ya Mama Munira hapo kijijini, sawa, lakini sasa una miaka thelathini na nane. Na ile habari ya mama na mimba yangu, usidhani siijui. Nilikua mgongoni mwako. Nilijua harufu ya kitenge chako kabla ya kujua jina lako.

Gentille


Ubwari, 14/5

Mudogo yangu Gentille,

Leo Aline anaandika, mimi nasema. Hii njo dikte yake. Andika vile nasema, Aline, usipunguze. Mukono yangu imechoka na jembe, na pete ya ndoa imeanza kunibana kidole, kalamu haikamatiki vizuri. Halafu nikafikiri: si vizuri hata? Barua inakuwa somo. Junior, toka juu ya meza! Hiyo usiandike. Umeandika? Basi acha, mama mudogo yako acheke.

Shule inaenda. Asubuhi hesabu, kiisha tunaenda shamba, kiisha tunasoma. Vanessa anasoma silabi mpaka kwa mifuko ya chumvi. Junior anasema vita vya wafalme wa zamani vilikuwa vizuri kuliko kugawanya. Néhémie amepewa kazi ya kupiga kengele, tumemupa kifuniko ya sufuria, na sasa mapumziko inafika kila dakika tano.

Mimi niko muzima. Tumbo inapanda muzuri. Barua nimeisoma yote kabla ya kufunga, hakuna makosa mengi, si vile? Probleme yake sikuiangalia, hiyo ni kati yenu babili.

Yaya yako Pulchérie
(kwa mukono ya Aline)

PROBLEME. Mama alikausha vipande 40 vya muhogo kwa chaki. Kila siku tunaandikia 3 na Néhémie anakula 2. Chaki itaisha kiisha siku ngapi? Jibu: siku 8.


Baraka, 17/5

Aline,

Dikte: 8/10. Nukta, mwanangu, nukta! Mama yako anapumua akisema, na wewe upumue ukiandika. Probleme: 10/10. Hiyo ndiyo ninayotaka. Hata mkurugenzi wetu wa shule nimemsomea, akacheka mpaka akavua miwani.

Yaya, wazo la kufanya barua kuwa dikte ni zuri kuliko mbinu zote walizotufundisha kwenye semina. Endelea hivyo, usiandike wewe tena. Mwambie Néhémie anaua elimu ya taifa.

Gentille


Ubwari, 28/5

Mudogo yangu,

Andika, Aline. Huku kwetu mambo ni salama. Mvua imekatika, upepo wa ziwa umeanza. Sasa nafundisha nikiwa nimekaa juu ya mukeka, maana miguu haitaki tena kusimama, na mulango tumeuegemeza kwa ukuta mbele yangu. Mama Munira alipita akaniangalia, akasema miguu inavimba hivi sababu ya mapacha. Mapacha! Casimir akirudi akute babili kwa mara moja, ataanguka. Andika vile, ndiyo, «ataanguka».

Kichwa inaniuma kidogo saa ya mangaribi. Hapana, hiyo ufute. Nimesema ufute. Andika: niko muzima, nakula vizuri, masomo inaendelea.

Nilichunga mabulletin yako yote ya zamani, zile karatasi za pointi za shule, kwa sanduku ya mama, unajua? Jana niliwaonesha batoto. Nikawaambia huyu alikuwa wa kwanza mara sita. Aline akauliza: na wewe mama, ulikuwa wa ngapi? Nilikuwa wa pili, Gentille. Mwaka wa tano nilikuwa wa pili, na sikusahau mupaka leo.

Yaya yako Pulchérie
(kwa mukono ya Aline)

PROBLEME. Mama mumoja anapima muguu yake pale juu ya kifundo, kila Jumatano. Jumatano ya kwanza, kamba inazunguka sm 22. Ya pili, sm 25. Ya tatu, sm 29. Muguu umeongezeka sm ngapi? Jibu: sm 7. Kamba nimeiweka ndani ya kopi ya kazi yangu, nilifunga fundo kwa kila Jumatano, ili uhakikishe mwenyewe.


Baraka, 31/5

Aline,

Dikte: 7/10. Kuna maneno umeyafuta vibaya, karatasi imetoboka, sikuweza kuyasoma. Ukikosea, piga mstari mmoja tu, usikwangue.

Probleme: kutoa ni sahihi, 10/10. Lakini nilisema data ziwe za kweli. Hakuna mguu unaonenepa sentimeta saba kwa majuma mawili, hata wa tembo. Ulikosa mfano, ukabuni. Hiyo ni uvivu. Juma lijalo upime kitu kweli. Asante kwa kamba, ilinifaa: nimefungia makopi, karatasi za kazi za mwaka wa sita, yalikuwa yanatawanyika mezani.

Yaya, huku tunakimbizana na mtihani, ninasahihisha hata nikila, nisamehe kwa barua fupi. Mapacha! Nitatafuta nguo za wawili. Alhamisi tarehe 26 mwezi wa sita mje na Ramazani nyote watano: wewe ukae karibu na maternité, hospitali ya kuzalia, Aline ajizoeze darasani kwangu kabla ya mtihani, na wadogo nitawalaza juu ya kabati kama ni lazima. Hivyo hakuna anayebaki mama wa nyumba. Umeona? Nimepata jibu.

Gentille


Ubwari, 11/6

Mudogo yangu Gentille,

Juma iliyopita hatukutuma kitu, kulikuwa kazi mingi. Tarehe 26 tutakuja wote, nimekubali. Majibu yako ni ya akili, njo kazi ya shule hiyo. Zimebakia siku kidogo, nitavumilia. Futa «nitavumilia». Weka «tutangoja».

Darasa tumelihamisha chumbani. Dirisha tumeifunga na kitenge, mwangaza unasumbua macho. Batoto banakuja mumoja mumoja karibu na kitanda, mutoto anasoma, mimi nasikiliza nikifunga macho. Ni vizuri, ninasikia makosa zaidi kuliko kuona. Junior ameshika meza ya saba ya kuzidisha. Aline anafundisha Vanessa wakati nalala kidogo, lakini ni kidogo tu, na saa ya masomo yake hainyanganywi na muntu. Hiyo nimeapa.

Yaya yako Pulchérie
(kwa mukono ya Aline)

PROBLEME. Mwalimu mumoja iko na batoto 4 mbele yake. Akiwahesabu anaona 8. Anaona mara ngapi kuliko ukweli? Jibu: mara 2. Mama mudogo, data ni za kweli.


Baraka, 14/6

Aline,

Dikte: 9/10. Probleme: sahihi, 10/10. Lakini huyo mwalimu anahitaji miwani! Nimecheka. Sasa unarudi kwenye zile za kuchekesha, vizuri.

Yaya, zimebaki siku kumi na mbili. Nimeosha mashuka.

Gentille


Ubwari, 17/6

Mama mudogo,

Hii si dikte. Usisahihishe.

Ni Jumanne, si siku ya soko, lakini Ramazani anawasha motere sasa hivi. Mama iko ndani ya mutumbwi, wamemulaza juu ya mukeka wetu. Nafunga hii barua kwa pindo ya kitenge yake, ili ukimufungua uione.

Asubuhi alikuwa anamusikiliza Vanessa kusoma. Kiisha akasema tumbo inaniuma hapa juu, chini ya mbavu. Kiisha akaacha kusema. Macho ikapanda juu, mwili yote ikakauka, ikatetemeka, na povu ikatoka kwa kinywa, ya damu, maana aliuma ulimi. Mama Munira alikimbia akaja, akamulaza kwa ubavu, akasema hii si mapacha, hii mi siijui, mupelekeni. Ikarudi mara ya pili. Sasa anapumua kama anakoroma na akiitwa haitikii.

Ule mama wa muguu ni mama. Ule mwalimu wa batoto nane ni mama. Barua zote alikuwa anazisoma kabla ya kuzifunga, lakini hesabu hakuwa anaisoma, kwa hiyo niliweka mule. Alikuwa amenikataza. Alisema ukiandika hiyo, mama mudogo yako atatuma mutumbwi kunitoa hapa, na we utabakia na batoto, na mutihani kwisha. Na mimi nilitaka mutihani. Hiyo nakuambia wewe tu. Nilitaka ujue, na nilitaka usijue.

Ningekuja naye lakini Néhémie analia na hakuna muntu wa kubaki nao. Nishikie mama mukono. Mukono ya kushoto, ya kulia ndiyo yenye pete, inamuuma.

Aline


Baraka, 27/6

Aline mwanangu,

Siku zote za matanga hukuniangalia usoni. Ulipika, ulipokea watu, ulimfuta Vanessa pua, ulimtafutia Junior shati la kuvaa makaburini. Nilikuwa ninakuangalia nikijiambia: nitaongea naye kesho. Kisha ikabidi nirudi Baraka na mtoto kwa sababu ya kidonda cha kitovu chake, na sikuongea. Sasa ninaongea.

Mtoto anakunywa maziwa vizuri. Alizaliwa mdogo, lakini ana sauti. Jina tunamngojea baba yako, kama bado yuko Misisi watu watamfikishia habari. Mama yako nilimshika mkono wa kushoto. Ile pete ilibidi waikate. Hakuamka tena, lakini alikuwa na mtu, na mtu huyo alikuwa mimi, hilo ulijue.

Jana nimekaa nisahihishe makopi. Yalikuwa yamefungwa na kamba yako. Nimefungua fundo nililofunga mimi, nikakuta mengine matatu. Nimechukua rula ya darasani, nikapima kutoka ncha: 22, 25, 29. Hukukosea hata kidogo. Halafu nikasoma nilichokuandikia kwa wino mwekundu kuhusu mguu wa tembo, na kuhusu uvivu. Nikatoka nje ya darasa, wanafunzi sitini na wanne wakabaki peke yao mpaka saa sita.

Daktari alisema huu ni ugonjwa wa shinikizo la damu, unaonekana mapema kwa miguu, kichwa na macho, na angefika mapema wangemzalisha na yeye angepona labda. Kutoka siku uliyoandika ile probleme mpaka siku Ramazani alipowasha motere ni siku ishirini. Katika siku hizo mtumbwi ulikuja Baraka mara tatu, ukiwa na nafasi. Aline, sikiliza. Ulikuwa na mahali pamoja tu pa kusema ukweli, ukausema hapo, ukaupima kwa kamba, ukanitumia na kamba yenyewe. Mimi nikakupa pointi. Kosa ni langu. Kutaka mtihani si kosa, ni kitu mama yako alichokufundisha kukitaka.

Alhamisi tarehe 3 njoo na Ramazani. Jina lako liko kwenye orodha. Mtihani ni Jumatatu.

Mama mudogo yako,
Gentille


Ubwari, 2/7

Mama mudogo,

Barua yako ilifika. Vanessa alitaka kuisoma kwa sauti, anajua kusoma sasa, nikamunyanganya alipofika kwa neno kamba.

Sitakuja. Baba mukubwa Patrice alisema kabla ya kurudi Lweba kwamba nyumba ya ndugu yake haiwezi kubaki wazi mupaka baba atoke Misisi, na mimi ni mukubwa, nitaishika. Alisema mutihani upo kila mwaka. Mama Munira naye alienda kwa binti yake anayezaa. Sikukasirika na muntu. Nina kazi mingi.

Asubuhi tunafanya hesabu, kiisha shamba, kiisha kusoma. Junior ameshika meza ya tisa. Néhémie alikataa kupiga kengele, anasema mama analala, atamuamsha. Nimemuacha. Chaki hali tena. Natuma kazi yao uisahihishe, weka pointi nzuri kwa Vanessa hata kama si sawa, anazihesabu.

Mutoto usimubebe sana na mugongo wakati bado shingo haijakomaa. Mama alikuwa anaweka kitenge kinakunjwa mara mbili nyuma ya kichwa.

Aline

PROBLEME. Nyumba moja iko na batoto 4. Mukubwa akienda Baraka siku 4 kwa mutihani, batoto 3 watabaki na bantu bazima wangapi? Jibu: 0. Data ni za kweli, usizibadilishe.


Baraka, 3/7

Aline,

Ramazani amenipa barua yako sokoni, nimeisoma nikiwa nimesimama kati ya magunia. Ninakuandikia papa hapa ili arudi nayo leo hii, nimemwomba asingoje Jumamosi.

Kesho asubuhi mtoto anachomwa sindano ya chanjo. Jumamosi tunapanda mtumbwi wa Ibrahim, nimeukodi, mimi na yeye, na maziwa na mashuka yale niliyoosha. Nimemwambia mkurugenzi sitakuwepo siku za mtihani. Aliniuliza kama nina akili, mwalimu wa mwaka wa sita kuacha wanafunzi wake siku hiyo. Nikamjibu kwamba wanafunzi sitini na wanne wana mama zao. Pengine sitakuta kazi yangu nikirudi. Hilo ni jambo langu na yeye, wewe lisikuhusu.

Ibrahim atalala hapo kijijini. Jumapili alfajiri utapanda wewe, na Mama Zainabu, jirani yangu, atakupokea bandarini Baraka. Ufunguo wa chumba changu anao yeye. Kitanda kimetandikwa. Beba bic mbili za bluu na kamba yako ya kupimia kama bado unayo nyingine, maana ile sitairudisha. Baba mukubwa Patrice mwachie mimi, nitaongea naye kwa sauti ambayo hajaisikia kwangu.

Nitafundisha kwenye ule mlango wa jikoni. Nitakaa juu ya mukeka wake. Mtu alitoka shule mwaka wa tano, akiwa wa pili, ili abaki nyumbani na mimi. Nimekuwa mtoto katika hesabu ile kwa miaka ishirini na saba, na safari hii sikubali kuhesabiwa hivyo.

Probleme yako nimeisahihisha na bluu. Data zote ni za kweli, sikugusa hata moja. Ila jibu lako si sahihi. Si 0. Ni 1.

Gentille